Ndugu Mwenye Ulemavu wa Akili: Mfundishe, Usimfanyie

Katika nyumba nyingi za pwani ya Kilwa na Lindi, mtoto mwenye ulemavu wa akili halelewi na mama peke yake. Bamvua likifika, mama yuko kwenye mwani au anachokoa pweza miambani, baba yuko dago, bibi mgongo haumruhusu kuinama. Anayebaki na mtoto ni kaka au dada wa miaka kumi, kumi na miwili. Ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemfuata mbio akipotelea upande wa soko. Na hesabu ya umri iko wazi: wazazi watatangulia, ndugu hawa wawili watabaki pamoja miaka mingine mingi. Hakuna daktari wala mwalimu atakayekuwa naye muda mrefu kiasi hicho. Kwa hiyo haya nimekuandikia wewe kaka au dada, uwe bado unakwenda shule au umeshaanza maisha yako. Wazazi wakiyasoma pia, ni heri.

Shauri langu kuu ni moja. Kila unalomfanyia leo, jiulize kama anaweza kufundishwa alifanye mwenyewe, hata nusu yake, hata kwa kuchelewa. Watu wa pwani tuna huruma nyingi, na mara nyingi huruma hiyo ndiyo inayomfunga mtu. Anavalishwa nguo mpaka anaota ndevu. Anatolewa miiba ya samaki mpaka mama anazeeka. Siku mama akifariki, ndugu wanashtuka kumkuta mtu mzima asiyejua kufunga kifungo, ilhali kufunga kifungo angeweza tangu zamani kama angepata mtu wa kumpa muda.

Jua alicho nacho

Ulemavu wa akili unaanza utotoni na mtu anabaki nao. Mtu anajifunza, ila polepole, na mambo mengine hatayafikia. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine: unaweza kumpata mtu aliyemaliza shule na kuoa, na una dawa zake hospitalini. Familia inayochanganya haya mawili humzungusha ndugu yao kwa mganga huyu na yule kutafuta dawa ya hali isiyo na dawa, na fedha za korosho zinaishia huko mwaka baada ya mwaka. Fedha hizo hizo zingeweza kumpeleka shule.

Sababu ni nyingi. Wapo waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliougua manjano makali uchangani, waliopandwa na malaria kichwani au waliopata homa ya uti wa mgongo. Wapo waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hali inayoitwa sindromu ya Down. Wengine sababu yao haijulikani kabisa. Mama hana kosa, na maneno ya kwamba alivunja mwiko au alikosana na mizimu yanamwumiza bure. Ukiyasikia nyumbani, yakatae kwa adabu, lakini yakatae.

Mpelekeni hospitali, iwe Kinyonga pale Kilwa Kivinje au Sokoine mjini Lindi, na mkifika ombeni vitu vitatu kwa kuvitaja: apimwe masikio, apimwe macho, aulizwe kuhusu kifafa. Nasisitiza haya kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huonekana mzito wa kuelewa, na mwenye kifafa kisichotibiwa husahau alichojifunza jana. Masikio yakisafishwa au kifafa kikitulizwa, unaweza kumwona ndugu yako anapiga hatua ambayo hukuitegemea.

Kifafa kinawapata wengi wenye ulemavu huu, kwa hiyo jifunze huduma yake kabla hujahitaji. Akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitambaa laini chini ya kichwa, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane mikono, usimnusishe kiberiti wala kitunguu. Povu lake haliambukizi. Mshike bila woga. Tazama saa: ikipita dakika tano na bado anatetemeka, au akimaliza na kuanza tena kabla hajapata fahamu, mkimbizeni kituo cha afya. Dawa zake asiache ghafla, hata akikaa miezi mingi bila kuanguka. Na mtoto mdogo yeyote anayepata degedege akiwa na homa aende hospitali saa hiyo hiyo, maana kusubiri mpaka mganga amalize kazi yake ndiko kunakowaacha wengine na ulemavu.

Namna ya kufundisha

Hapa ndipo palipo na kazi yenyewe, na hapa kaka au dada anamzidi kila mtu. Kwa ajili ya mwaka 1979, uliotangazwa kuwa wa kimataifa wa mtoto, daktari David Morley na wenzake jijini London walianzisha mpango uitwao Child-to-Child, baada ya kuona kwamba katika nchi kama zetu walezi wa kila siku wa watoto wadogo ni watoto wenzao. Walichokifanya ni kuwapa hao walezi ujuzi. Ujuzi wa kumfundisha mwenye ulemavu wa akili hauna siri kubwa.

Ichukue kazi moja uikatekate. Kuoga, kwa mfano, si kazi moja: ni kuchota maji kwa kata, kujimwagia, kushika sabuni, kupaka mikono, kupaka tumbo, kupaka miguu, kujisuuza, kujifuta. Ukimwambia "nenda ukaoge" umemwambia mambo manane kwa mkupuo, na yeye anabeba moja au mawili tu. Mpe hatua moja. Mwonyeshe, kisha mshike mkono mfanye pamoja, kisha uachie mkono, kisha usogee nyuma, kisha utoke nje ya mlango. Huenda kila hatua ikachukua wiki. Huenda ikachukua msimu mzima wa kaskazi. Hilo lisikuvunje moyo.

Kazi zenye kumalizika vizuri, kama kuvaa, zifundishe kwa kuanzia mwisho. Mvalishe shati wewe, mikono ipite, kichwa kitoke, halafu mwachie yeye kulivuta lishuke tumboni. Amemaliza yeye. Siku akilizoea hilo, mwachie na kupitisha mkono wa pili. Kisha na wa kwanza. Kila mara anakuwa ndiye aliyemaliza kazi, na mtu anayemaliza kazi hupenda kuianza tena kesho.

Maneno yawe machache na yawe yale yale. "Chota." "Mwaga." "Sabuni." Kama wewe unasema kata na bibi anasema kopo, ndugu yenu anajifunza vitu viwili badala ya kimoja. Kaeni nyumba nzima mkubaliane neno. Mahali pawe pale pale, saa iwe ile ile, na dakika kumi zinatosha. Acheni wakati bado anafaulu, kabla hajachoka na kukasirika. Akifaulu, taja alichokifanya: "Umefunga vifungo vyote." Hilo lina faida kuliko kumwambia "safi" au kumpigia makofi ambayo hajui ni ya nini. Akivaa shati nje ndani, usicheke wala usimvue. Mwonyeshe mshono na umwache aligeuze.

Zipo siku atapiga kelele, atajipiga, atatupa sahani. Kabla ya kumwita mkorofi, rudisha fikra kwenye dakika chache zilizotangulia. Kulikuwa na spika za ngoma? Alikuwa na njaa? Alibadilishiwa kikombe? Jino linamuuma na hana neno la kulisema? Weka daftari dogo la shule uandike: saa ngapi, alikuwa na nani, nini kilitokea kabla. Baada ya muda utaona mambo fulani yanajirudia, na utaweza kuyazuia. Wengi hukasirishwa na mabadiliko ya ghafla. Kama kesho mnapanda basi kwenda Lindi, mwambie leo, mwonyeshe mfuko wa safari, mwambie tena asubuhi.

Fedha zinafundishika hata kwa asiyejua kusoma, kwa sababu noti zetu zina rangi na picha. Elfu moja ni ya bluu na ina sura ya Mwalimu Nyerere. Elfu mbili ina simba, elfu tano ina faru, elfu kumi ina tembo. Anza na noti moja na duka moja. Ongea na mwenye duka kwanza, umwambie ndugu yako atakuja na noti ya simba kununua sukari, na akifika mwenye duka asimpe upendeleo wala asimharakishe. Siku za mwanzo simama mbali ukimwona. Mfundishe pia kwamba noti ya tembo haitolewi kwa mtu yeyote njiani, hata awe anamjua.

Kisha kazi. Naamini kwa moyo wote kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili anaheshimika kijijini siku anapokuwa na kazi inayojulikana kuwa ni yake. Pwani yetu imejaa kazi za kurudia zinazomfaa: kunyofoa korosho kwenye mabibo na kuzianika, kuanika dagaa na kuwafukuza kunguru, kufunga vipando vya mwani kwenye kamba, kuchota maji, kusuka makuti, kulisha kuku. Chagua anayoipenda na usimbadilishie kila siku. Kama ni kazi ya kuuza, apate chake mkononi, hata kidogo. Kumtumikisha mchana kutwa na jioni kugawana bila yeye ni dhuluma, na haiwi halali kwa sababu hawezi kuhesabu.

Bahari na moto

Mtoto wa Songo Songo au Somanga hawezi kukatazwa bahari, na kumfungia ndani kwa kuogopa maji hakumfundishi kitu. Mfundishe mpaka. Chagua alama anayoiona kila siku, kama mnazi fulani au mashua iliyopandishwa nchi kavu, na kanuni iwe moja: hapa hatuvuki bila kaka. Mchukue maji yakiwa yamekupwa, mtembee mpaka hapo na kurudi, mara nyingi, bila kuvuka. Wenye mashua ufukweni wajulishe jina lake na nyumba yake, ili wakimwona amevuka wamrudishe bila kumpiga. Mwenye kifafa asiogelee wala asipande ngalawa bila mtu mzima anayejua kuogelea, aliye karibu kiasi cha kumshika, na anayejua la kufanya. Hata nyumbani aogee maji ya ndoo, mlango usifungwe kwa komeo. Jikoni mfundishe kazi zilizo mbali na mafiga kwanza, kama kuchambua mchele na kuosha vyombo. Kukoroga sufuria kuje baadaye, ukiwa ubavuni pake.

Mtaani

Watoto watamwita majina. Taahira, zezeta, punguani, na mengine mnayoyajua. Wewe unayetembea naye utasikia aibu na hasira kwa wakati mmoja, na utatamani ama kupigana ama kumwacha nyumbani. Jiandalie sentensi moja uiseme kwa sauti ya kawaida: "Huyu mdogo wangu, anaitwa kwa jina lake. Anajifunza polepole. Njoo umsalimie." Mkono wa salamu unanyamazisha watoto wengi kuliko ngumi, kwa sababu wengi wao wanaogopa tu na hawajawahi kumgusa. Watu wazima wanaochekesha baraza kwa kumwimbisha au kumchezesha waambie waziwazi kwamba haipendezi. Ukiona umri wako haukuruhusu, mtume mjomba akaseme.

Mtafutie nafasi kwenye mchezo. Kwenye rede anaweza kuokota mpira, kwenye kombolela ajifiche pamoja nawe kama jozi, kwenye mpira wa miguu awe na namba yake hata kama ni dakika chache. Kitu hiki kinachoonekana kidogo kilizaa jambo kubwa Marekani. Rosemary Kennedy, aliyezaliwa 1918 akiwa na ulemavu wa akili, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941 kwa uamuzi wa baba yake, ukamharibu zaidi, na familia ikamweka mbali na macho ya watu. Dada yake Eunice, aliyezoea kucheza na kuogelea naye, hakuukubali ukimya huo. Mwaka 1962, kaka yao John akiwa rais, Eunice aliandika wazi jaridani kuhusu dada yake, na mwaka huo huo akafungua kambi ya michezo uani kwake kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Mwezi Julai 1968 mashindano ya kwanza ya Special Olympics yalifanyika Chicago. Leo Tanzania nayo ina chama cha michezo hiyo. Mwulize ofisa michezo wa wilaya kama kuna mashindano, na ndugu yako akimbie.

Msikitini mpeleke pia. Masheikh wetu wanafundisha kwamba asiye na akili timamu hana dhambi ya kukosea, kwa hiyo akicheka katikati ya sala au akisujudu kabla ya imamu, hakuna aliyekosewa. Zungumza na imamu mapema, msali safu ya pembeni karibu na mlango, na mkitoka nje hakuna anayekanyagwa.

Jando, unyago na usalama wa mwili

Huku kwetu mtoto asiyechezwa hubaki mtoto machoni pa watu, na ndugu wengi wenye ulemavu wa akili wamebaki watoto mpaka uzeeni kwa kuachwa nje ya jando na unyago. Mimi nashauri waingizwe, kwa maandalizi. Tohara ifanyike hospitalini, na mwenye kifafa au sindromu ya Down aonwe na daktari kwanza, maana karibu nusu ya wenye sindromu hiyo huzaliwa na kasoro ya moyo. Kungwi au mkuu wa jando aambiwe kabla: anaelewa nini, anaogopa nini, anahitaji maneno ya namna gani. Ndugu mmoja akae naye karibu muda wote. Na pasiwe na kipigo wala kutishwa. Hata asiye na ulemavu hafai kufundishwa hivyo, sembuse yeye.

Binti ana haki ya kufundishwa hedhi kama wenzake. Dada anaweza kuanza mapema: kumwonyesha pedi au kitambaa kikiwekwa kwenye nguo ya ndani, kwa hatua zile zile nilizozitaja, mara nyingi, kabla damu ya kwanza haijaja kumtisha.

Sasa niseme jambo zito. Wenye ulemavu wa akili, wasichana kwa wavulana, hulengwa na watu wabaya kwa sababu inadhaniwa hawatasema na wakisema hawataaminiwa. Mara nyingi mtu huyo anajulikana nyumbani. Mfundishe ndugu yako majina halisi ya sehemu za mwili, maana asiye na jina la kitu hawezi kukieleza. Mfundishe kwamba sehemu za siri zinaguswa na mlezi anayemwogesha tu, na siku akijua kuoga mwenyewe, na huyo pia basi. Mfundishe kusema "sitaki" kwa sauti kubwa, na heshimuni "sitaki" yake mezani na kitandani, kwani mtu anayelazimishwa kila kitu nyumbani atajifunzia wapi kukataa nje? Chagueni watu wawili wa kumwambia. Ukiona ghafla anaogopa mtu fulani, anakojoa kitandani tena, au ana fedha na pipi zisizo na asili, ulizia taratibu.

Akiingiliwa na mtu, msimwogeshe na msifue nguo zake. Nendeni hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina kikomo hicho, na nendeni polisi, dawati la jinsia na watoto, mpate fomu ya PF3. Simu ya bure ya 116 inapokea taarifa za watoto. Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kumwingilia mwanamke mwenye ulemavu wa akili kwa namna ya pekee. Wazee wakisema mambo yamalizwe kifamilia kwa mbuzi na shuka, kataa. Mkimaliza hivyo, yule mtu atarudi.

Shule yake na yako

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma, na shule za serikali za msingi hazina ada. Nendeni shule ya karibu mwulize kama ina kitengo cha elimu maalumu. Kama haina, mfuateni ofisa elimu maalumu wa halmashauri, Kilwa Masoko au Lindi, awaambie kitengo kiko wapi na walimu waliosomea, kama wale wanaotoka Chuo cha Patandi mkoani Arusha, wako shule gani. Mwalimu mkuu akikataa kumpokea, mwombe kwa upole aandike kukataa kwake. Mara nyingi hapo majibu hubadilika. Yasipobadilika, barua hiyo mpelekeeni ofisa elimu kata, kisha wilaya. Mwalimu mpelekee ukurasa mmoja wa daftari: anajua nini, anapenda nini, hukasirishwa na nini, anatumia neno gani kuomba choo.

Na wewe usiache shule. Hili nalisema kwa uchungu, hasa kwa dada, kwa kuwa ndiye anayekatishwa masomo abaki kumlinda mwenzake, na baada ya miaka nyumba inakuwa na watoto wawili wasiosoma badala ya mmoja. Omba kikao. Mwite mjomba au shangazi, mtu ambaye wazazi wanamsikiliza, na mgawane siku kwa majina: nani anakaa naye asubuhi ya bamvua, nani Ijumaa, nani wakati wa mitihani yako. Kaka na wadogo wa kiume waingie kwenye zamu. Kuogesha na kulisha si kazi ya kike.

Kuna mambo utayahisi na hutayasema. Wivu, kwa kuwa yeye husamehewa na wewe huchapwa. Aibu ya kumtambulisha kwa rafiki. Kuchoka. Hata kuwaza maisha yangekuwaje bila yeye. Hayo hayakufanyi mtu mbaya, na yanapungua makali yakisemwa kwa mtu mmoja wa kuaminika: mwalimu, bibi, rafiki mwenye ndugu kama wako. Katika kijiji chochote kikubwa nyumba kama yenu hazikosekani. Watafuteni. Watoto wa nyumba hizo wakikutana mara moja kwa mwezi chini ya mwembe, wenye ulemavu na wasio nao, nusu ya upweke imekwisha.

Ukifika wakati wa kuoa au kuolewa, mtambulishe ndugu yako mapema, nyumbani, akiwa amevaa vizuri, kabla ya posa. Atakayekimbia kwa kumwona, bora akimbie kabla. Swali la kama mtazaa mtoto kama yeye mwulizeni daktari. Sehemu kubwa ya sababu nilizozitaja hairithiwi, ila zipo chache zinazofuata ukoo. Yaliyo mikononi mwenu ni kuanza kliniki mapema, kumeza vidonge vya foliki asidi, kujifungulia kituoni, na kutumia chumvi yenye madini joto. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani mara nyingi huuzwa kwa debe bila kutiwa madini hayo, na mimba inayoyakosa ni hatari kwa ubongo wa mtoto. Nunueni ya pakiti iliyoandikwa.

Kabla wazazi hawajaondoka

Jambo hili huahirishwa mpaka matanga. Lifungue wazazi wakiwa hai na wana nguvu. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe, kitambulisho cha NIDA kitafutwe, kwani bila hivyo hata msaada ukija jina lake halimo. Hakikisheni ametajwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unapoandikisha kaya. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mfuateni ofisa maendeleo ya jamii mwulize namna anayemsimamia anavyoweza kuingia naye.

Mirathi isiachwe kwenye mazungumzo ya barazani. Yeye ni mrithi kama nyinyi, fungu lake la minazi au mikorosho ni lake, na Kurani katika Suratun Nisaa imewaelekeza wanaoshika mali ya asiyeweza kuisimamia wamlishe na kumvisha kutokana nayo na kusema naye maneno mema. Wazazi wamtaje wasii mbele ya mashahidi, kwa maandishi, na kwa makabila yetu yanayofuata upande wa mama, mjomba awepo na akubali. Wasii awe mmoja, lakini hesabu zionwe na ndugu wote kila baada ya mavuno.

Kisha mzoesheni nyumba ya atakayeishi naye. Alale kwako usiku mmoja, arudi. Baadaye siku tatu, arudi. Baadaye mwezi wa korosho mzima. Pawe na kikombe chake, mkeka wake, kazi yake pale pale kwako, na duka ambalo mwenye duka anamjua. Lile daftari la tabia na maneno yake liwe na nakala mbili, moja kwako na moja kwa ndugu wa pili atakayempokea kama wewe ndiye utakayetangulia.